Aitwaye Huja: Kwa Nini Utaratibu wa Mbali Huagizwa wala Hauitwi

Nia ya makala haya ni kutetea neno moja dhidi ya jingine. Neno ninalolipinga ni "wito", kama lilivyo katika istilahi "wito wa utaratibu wa mbali", ambayo nimeikuta katika madaftari ya wanafunzi wanaojaribu kujifunza uundaji wa programu za tarakilishi kwa lugha yetu. Neno ninalolipendekeza mahali pake ni "agizo". Najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili watauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika nyaya za tarakilishi, na wapo watakaoona nimeacha mbachao kwa msala upitao. Naomba wanivumilie. Ugomvi huu, ukiuchunguza, ni wa maana za vitenzi, na vitenzi ni shamba tulilorithishwa sisi wa idara za Kiswahili. Tusipolilima, wengine watalilima wapendavyo, nasi tutabaki kulalamika kwamba mavuno yana magugu.

Tukianza na mambo ya msingi, programu ya tarakilishi haiandikwi kama utenzi unaosomwa kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kurudi nyuma. Hugawanywa katika vipande vyenye majina, kila kipande na kazi yake: hiki hujumlisha, kile hutafuta jina katika orodha, kingine huchapisha. Kipande cha namna hiyo ndicho kiitwacho utaratibu. Programu inapohitaji kazi fulani hutaja jina la utaratibu unaohusika, huupa vitu vya kufanyia kazi, husimama kungoja, hupokea tokeo, kisha huendelea pale ilipoachia. Yote hayo hutendeka ndani ya tarakilishi moja na katika kumbukumbu moja, tena kwa kasi isiyosemeka. Kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho, tarakilishi ya kawaida imekwisha kufanya hivyo mara mamilioni. Hapa sina ugomvi na kitenzi "kuita". Utaratibu umeitwa, umekuja, umefanya kazi mezani pa aliyeuita.

Mambo yalibadilika tarakilishi zilipoanza kuunganishwa. Swali lilizuka: je, utaratibu uliomo katika tarakilishi ya jengo la pili, au ya mji wa pili, waweza kutumiwa vivyo hivyo? Bruce Nelson alilishughulikia swali hili katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani. Mwaka 1984, yeye na Andrew Birrell, wakiwa watafiti wa kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, walichapisha makala yaliyoeleza namna walivyoujenga mfumo wenyewe. Shabaha yao ilikuwa bayana: mwandishi wa programu asisumbuliwe na mambo ya mtandao, bali autumie utaratibu wa mbali kwa urahisi uleule anaoutumia wa karibu. Mbinu hiyo ndiyo ijulikanayo ulimwenguni kwa herufi RPC. Kampuni ya Sun Microsystems ilijenga mbinu yake, ikaifanya msingi wa mfumo wa NFS unaowezesha tarakilishi nyingi kutumia faili za tarakilishi moja, na mwaka 1988 maelezo yake yakatolewa hadharani katika waraka RFC 1050. Mwaka 2015 Google nayo ilitoa gRPC. Leo mtu hutumia mbinu za aina hii mara nyingi kwa siku bila kujua.

Siri ya mbinu hii ni uigizaji. Katika tarakilishi ya anayehitaji kazi huwekwa utaratibu mdogo wenye jina lilelile la utaratibu wa mbali. Katika kundi letu tumempa jina la kaimu, kwa sababu ameketi katika kiti cha mwingine na anajibu kwa jina la mwingine, ingawa uwezo wenyewe hana. Kaimu huchukua vitu alivyopewa, huvifungasha katika furushi moja, huliandikia anwani, hulitia mtandaoni, kisha hukaa kimya. Ng'ambo ya pili kaimu mwenzake hulipokea furushi, hulifungua, huupa utaratibu halisi vitu vilivyomo, hungoja tokeo, hulifungasha nalo na kulirudisha. Programu iliyohitaji kazi haioni lolote kati ya haya. Mpenzi wa tamthilia atatambua upesi mchezo unaochezwa hapa: mhusika aliye mbele yetu anamwakilisha mwingine asiyekuwapo, na hadhira imekubali kudanganyika kwa faida yake yenyewe.

Tangu muhula uliopita sisi wanafunzi sita, watatu wa Kiswahili na watatu wa sayansi ya tarakilishi, tumekuwa tukikutana Jumamosi alasiri tukijifunza mbinu hii kwa Kiswahili kitupu. Vifaa vyetu ni tarakilishi mbili kuukuu na waya mmoja kati yake. Tuliamua kuunda kamusi: tarakilishi ya kwanza ina orodha ya maneno, ya pili inauliza. Tulichagua mbinu kongwe ya Sun kwa sababu inaonyesha viungo vyake waziwazi, ilhali mbinu mpya huvificha. Hatua ya kwanza ni kuandika faili fupi, yetu ikiitwa kamusi.x, ambayo haisemi kazi itafanywaje. Yasema tu kwamba kuna programu yenye nambari fulani, toleo lake ni la 1, na ndani yake mna utaratibu uitwao TAFUTA unaopokea neno na kurudisha muundo wenye ngeli na maana. Huo ni mkataba. Programu iitwayo rpcgen huusoma mkataba na kuzalisha faili nne: moja ya matangazo ya pamoja, moja ya kaimu wa upande wa mteja, moja ya kaimu wa upande wa seva, na moja ya ufungashaji. Kinachobaki kwa mwanafunzi ni kuandika utaratibu wenyewe na programu ya kuuliza. Aliyewahi kuchora mti wa sentensi katika darasa la sintaksia hatapata taabu kuusoma mkataba huo; sarufi yake ni finyu kuliko ya kishazi kirejeshi kimoja cha Kiswahili.

Ufungashaji ndio uliotuchelewesha zaidi na ndio uliotufurahisha zaidi. Nambari kubwa haitoshi katika baiti moja. Huwekwa katika baiti nne zilizopangwa mstarini. Sasa itangulie ipi? Mashine za Intel hutanguliza baiti ya thamani ndogo. Mashine za SPARC zilizoundwa na Sun zilitanguliza ya thamani kubwa. Nambari 1 ikiandikwa kwa mpango mmoja na kusomwa kwa mpango wa pili hugeuka kuwa 16,777,216. Mswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi twasema ishirini na tatu, tukianza na kubwa. Mwarabu husema tatu na ishirini, akianza na ndogo. Na sote wawili tunahesabu mbuzi walewale. Isitoshe, lugha yetu yenyewe iliandikwa kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa muda mrefu kabla ya hati za Kirumi kutawala. Katika hati hizo herufi moja iliweza kusimamia b, p na hata mb, na mhariri yeyote wa miswada ya Lamu au Pate ajua kwamba asiyekubaliana na mwandishi kuhusu thamani ya herufi hatasoma alichoandikiwa. Sun walilitatua jambo hili kwa kanuni iitwayo XDR: kila nambari ipitayo mtandaoni itangulize baiti kubwa, na kila kipande kijazwe hadi kifikie baiti nne au mafungu yake. Yaani walichagua hesabu ya Kiswahili. Ufungashaji wa Google hutanguliza ndogo. Hao waliwafuata Waarabu.

Kuna kitu kisichofungashika, nacho ni mahali. Ndani ya tarakilishi moja, programu yaweza kuuambia utaratibu kwamba orodha imo kumbukumbuni, chumba nambari fulani, nenda ukaitazame. Katika tarakilishi nyingine nambari ya chumba haina maana. Ukimwandikia mtu wa Kisumu "nyumba ya tatu baada ya msikiti, mlango wa buluu", naye hajawahi kufika Lamu, ama atapotea, ama, vibaya zaidi, atagonga mlango wa buluu wa hukohuko Kisumu na kupewa kisichokuwa chako. Sharti orodha yenyewe inakiliwe na kutumwa nzima. Anayedhani ameuita utaratibu uje mezani pake haoni sababu ya gharama hii. Anayejua kwamba ameagiza huiona bila kufundishwa.

Na kabla ya kuagiza yapasa kuujua mlango. Seva moja yaweza kuwa na huduma nyingi, kila moja ikisikiliza katika lango lake, na malango hayo yaweza kubadilika kila huduma inapowashwa upya. Kwa hiyo huwekwa bawabu mmoja asiyehama, katika lango nambari 111, ambaye kazi yake ni kuulizwa huduma yenye nambari fulani yapatikana wapi, na kujibu. Aidha, kwa desturi ya mbinu hii, utaratibu nambari 0 wa kila programu haufanyi kazi yoyote. Haupokei kitu, wala haurudishi kitu ila jibu tupu. Wenzetu wa sayansi waliueleza kwa maneno mengi. Sisi wa Kiswahili tuliutambua papo hapo: ni hodi. Mtu hapigi hodi ili apewe kitu. Hupiga ili ajue kama mna watu.

Nafika sasa kwenye kiini cha hoja. Mteja ameagiza, na jibu halijaja. Kumetokea nini? Labda furushi lilipotea njiani. Labda lilifika, lakini seva ilizimika kabla ya kuligusa. Labda kazi ilifanywa ikakamilika, na kilichopotea ni jibu. Au labda hakuna kilichoharibika, ila seva ina shughuli nyingi. Kwa mteja hali zote nne zina sura moja, nayo ni kimya. Katika tarakilishi moja jambo hili halipo: umeme ukikatika, aliyeita na aliyeitwa huzimika pamoja, na habaki wa kujiuliza. Mtandaoni nusu hufa na nusu hubaki hai, na ile iliyo hai haina njia ya kwenda kutazama.

Kaimu anayezalishwa na rpcgen hungoja sekunde 25, asipobadilishiwa muda huo, kisha hurudi mikono mitupu. Mjadala mkali zaidi tulioupata katika vikao vyetu ulihusu taarifa atakayoitoa hapo. Mwenzetu mmoja wa sayansi alipendekeza "Kazi haikufanyika." Mwenzetu wa isimu alimsimamisha. Alisema -ku- hiyo ya ukanushi imefunga mlango: imethibitisha kwamba jambo halikutukia, na mteja hana ushahidi wa hilo. Tukajaribu "Kazi haijafanyika", nayo ikakataliwa, kwa kuwa pengine imekwisha fanyika. Tukaishia kwa "Sijapata jibu." Tazama jinsi kiambishi -ja- kilivyobeba mzigo: hakidai kwamba jibu halipo, hakiahidi kwamba litakuja, chasema tu kwamba hadi nukta hii halijanifikia. Nafsi nayo imehama kutoka kwenye kazi, ambayo mteja haioni, ikaja kwa mteja mwenyewe, ambaye ndiye pekee anayeweza kusemewa kwa yakini. Sote tulikaririshwa -ja- kama kikanushi cha -me- ili tupite mtihani. Sikutarajia kuikuta ikitatua swali la sayansi ya tarakilishi.

Msomaji wa Kenya atatabasamu kwamba nalitumia neno "mteja" hapa, maana mitaani mtu akisema "Juma ni mteja" huwa na maana kwamba Juma hapatikani, kutokana na ile sauti ya kwenye rununu inayotuarifu kuwa mteja tunayempigia hapatikani kwa sasa. Kwetu mteja ndiye aliyepiga. Hata hivyo sauti ile ina hekima yake. Haisemi mteja amefariki, wala haisemi amezima simu kwa kukukimbia. Yasema hapatikani, ikanyamaza.

Lisichukuliwe hili kuwa jambo la nadharia. Mnunuzi ametuma shilingi 500 kwa rununu, ujumbe wa kuthibitisha haujafika, na mwenye duka anashikilia kwamba hajaona kitu. Je, atume tena? Akituma, huenda amelipa 1,000 kwa bidhaa za 500. Asipotuma, ataonekana tapeli mbele ya watu. Swali lake ndilo swali la kila kaimu baada ya kimya. Zipo mbinu zinazoagiza tena na tena hadi jibu lije. Hizo huahidi kwamba kazi itafanywa walau mara moja, pengine mbili. Zipo zinazoahidi kwamba haitafanywa zaidi ya mara moja, pengine isifanywe kabisa. Ahadi ya tatu, mara moja kamili bila kupungua wala kuzidi, ndiyo itamaniwayo na kila mtu, na mtandao peke yake hauwezi kuitoa. Hutafutwa kwa kazi ya ziada katika pande zote mbili. Katika mbinu ya Sun kila agizo huwa na nambari yake, na seva iliyoandikwa kwa uangalifu hutunza nambari zilizokwisha kuhudumiwa pamoja na majibu yake, ili agizo lililorudiwa lipewe jibu la awali badala ya kutendwa upya. Lakini daftari hilo likiwa kumbukumbuni tu, seva ikizimika husahau kila kitu.

Kamusi yetu haikuwa na shida hiyo mwanzoni. Neno "mwavuli" likitafutwa mara kumi, ngeli yake haibadiliki. Tulipoongeza utaratibu wa pili, wa kutia maneno mapya, ndipo swali lilipotufikia nyumbani. Ukiagiza "ongeza neno hili mwishoni mwa orodha", kurudia kunazaa maradufu. Ukiagiza "neno nambari 412 na liwe hili", rudia mara mia na orodha haizidi. Kati ya sentensi hizo mbili ndimo mlimo sehemu kubwa ya ufundi wa kazi hii, na mwanafunzi aliyezoea kupima tofauti ya "akaongeza" na "awe" hayuko mbali nao.

Mwaka 1994 watafiti wanne wa Sun Microsystems, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, walitoa waraka wakidai kwamba kujaribu kukifanya kitu cha mbali kifanane kabisa na cha karibu ni kosa la msingi. Walitaja kwamba vya mbali huchelewa, kwamba kumbukumbu haifikiki, kwamba mfumo waweza kuharibika nusu, na kwamba mambo mengi hutukia kwa wakati mmoja. Wahenga wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sidai kwamba walizijua tarakilishi. Nadai tu kwamba lugha yetu haikuwahi kuuona umbali kuwa kitu cha kufichwa.

Kuchelewa hakuondoki hata tukinunua mitambo bora. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo agizo na jibu lake haviwezi kuchukua chini ya milisekunde 68, sembuse njia halisi ya nyaya inayozunguka kwa bahari. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu ya nje yalitegemea zaidi setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Agizo lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na karibu nusu sekunde ikapita kabla ya kazi yoyote kufanywa. Programu ya mtu aliyedhani anaita tu, na hivyo akaita mara 200 moja baada ya nyingine, ilitumia zaidi ya dakika moja na nusu kungoja.

Nirudi basi kwa vitenzi. Katika Kiswahili, aitwaye huja. Mama akimwita mwanawe, mtoto wa pwani huitika "abee" au "naam", na akishaitika hutarajiwa kusogea. Asiposogea amekosa adabu. Kitenzi "kuita" kina ndani yake ukaribu wa kusikika sauti, na kina mwelekeo: humleta aitwaye kwa aitaye. Utaratibu wa mbali hausogei. Kinachosafiri ni haja ya mteja. Sasa kitazame "kuagiza". Mfanyabiashara wa Nairobi aagizaye gari kutoka Japani hajihisi kana kwamba ameingia dukani. Ameeleza atakalo kwa maandishi yasiyo na utata, kwa kuwa hatakuwapo kufafanua. Anajua litachukua majuma kadhaa. Ametunza nambari ya agizo. Likikawia baharini haharakishi kuagiza la pili, kwa maana huenda akajikuta na magari mawili na ushuru wa mawili. Kila tahadhari ambayo wale watafiti wanne walitaka waandishi wa programu wawe nayo, mwagizaji wa gari tayari anayo, naye hajasoma waraka wowote.

Mhadhiri mmoja niliyemweleza hoja hii aliniambia kwamba "agizo" limekwisha kutumiwa kwa maana ya amri moja ndani ya programu. Ni kweli, na ni pingamizi zito. Naona hata hivyo kwamba "amri" yatosha kwa kazi hiyo, kwani hutolewa kwa aliye chini ya mkono wako, na "agizo" liachwe huru. Wengine wanapendelea "utume", neno zuri litokanalo na kutuma, lakini limekaa mno katika dini. Sioni mwalimu akisema seva imeshindwa katika utume wake na darasa lisicheke. Pingamizi ninalolikubali kwa shingo upande ni kwamba mwanafunzi atakutana na istilahi ya Kiingereza kazini, na "wito" utamrahisishia kuitambua. Utamrahisishia, naam. Lakini wenye Kiingereza wenyewe iliwabidi kuandika waraka mzima kuonyana dhidi ya dhana ambayo neno lao limeibeba. Sioni kwa nini turithi neno pamoja na onyo lake.

Yapo makubwa zaidi nyuma ya neno hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatoa Windows ya Kiswahili. Tangu hapo tumekuwa na maneno ya kutosha kwa mtumiaji: fungua, hifadhi, chapisha, funga. Tumebishana vya kutosha pia, Wakenya tukishikilia tarakilishi na Watanzania kompyuta, na sitaki kuufufua ubishi huo. Ninachosikitikia ni kwamba maneno hayo ni ya mtu aliyekaa mbele ya kioo akitumia kilichoundwa na mwingine. Aliye nyuma ya kioo, anayeunda, hatujampa maneno ya kumtosha aya moja. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Katika maabara nyingi za tarakilishi hadhi hiyo huishia kwenye salamu.

Sababu moja, kwa maoni yangu, ni namna istilahi zinavyotungwa. Huketi watu mezani, orodha ya Kiingereza upande mmoja na karatasi tupu upande wa pili, nao hawajawahi kuona seva ikinyamaza. Katika hali hiyo "wito" hupita bila kuulizwa. Ndiyo maana napendekeza kwamba chama chetu kisipokee istilahi yoyote ya taaluma hii ambayo haijatumiwa kuandika walau programu moja inayofanya kazi. Gharama si kubwa. Tarakilishi mbili zilizotupwa na ofisi fulani, waya, na mwanafunzi mmoja wa sayansi aliye tayari kueleza kwa Kiswahili vinatosha kwa kila bewa. Maneno tuliyoyapata kwa njia hiyo hadi sasa ni machache: agizo, kaimu, furushi, bawabu, hodi. Hakuna hata moja lililotungwa mezani. Yote tuliyaokota wakati tukitafuta jinsi ya kuambiana nini kimeharibika.

Limebaki pengo moja ambalo naliwasilisha kwa wahadhiri wa mofolojia. Tunahitaji kivumishi kifupi cha tendo ambalo likirudiwa halizidishi kitu, kama kuwasha taa iliyokwisha kuwaka. "Rudufu" yasema kinyume. "Tulivu" ni nzuri, lakini ina kazi nyingine. Mwenzetu mmoja alipendekeza "kifu", kutokana na kukifu haja, kwa hoja kwamba tendo la kwanza limetosha. Akajibiwa kwamba linasikika kama kifo, na katika habari za seva hilo halifai. Kwa sasa, ndani ya kamusi.x, kando ya utaratibu wa kutia maneno, tumeandika maelezo marefu: "tendo lisilozidi hata likirudiwa". Mstari wa chini yake tumeuacha wazi.